Pembe za mdomo zimechanika miezi 3: mafuta ya mgando, GV au krimu ya fangasi, kipi kilikuponya?

Mama_Pacha
Wakuu, habari za jioni. Huu ni mwezi wa tatu pembe zote mbili za mdomo zimechanika. Asubuhi nikipiga mwayo tu nasikia pameachia, mchana panashika gaga la njano. Ugali nakula kwa vitonge vya mtoto, ndimu sigusi.

Nimejaribu vitatu. Mafuta ya mgando yanalainisha, nikiacha siku mbili panarudi. GV, ile dawa ya maji ya zambarau, ilikausha haraka, ila ngozi ikawa ngumu ikapasuka vibaya zaidi, na wiki nzima nilikwenda kazini na mdomo wa zambarau. Jirani akanipa krimu ya betamethazoni: wekundu ukaondoka siku ya pili, wiki iliyofuata vidonda vikarudi vikubwa. Sasa naambiwa kuna dawa ya fangasi na ya bakteria. Nina hela ya tyubu moja. Ninunue ipi?

Zamu_ya_Usiku
Pole sana dada. Nafanya kazi duka la dawa, swali hili nalipata kila wiki.

Hiyo betamethazoni iache leo. Inazima wekundu lakini inaishusha kinga ya ngozi, na fangasi wananeemeka chini yake. Ukizoea kuipaka usoni ngozi inakuwa nyembamba, unaweza hata kuota vipele kuzunguka mdomo.

Pale pembeni mate yanatuama. Ngozi inalowa, inachanika, ndipo fangasi wa Candida wanaingia, mara nyingi pamoja na bakteria Staphylococcus aureus. Klotrimazoli asilimia 1 inapatikana kirahisi na fangasi inawaweza. Asidi ya fusidiki ni ya bakteria tu. Kwa kuwa umetaja gaga la njano na una hela ya tyubu moja, mimi ningekupa mikonazoli asilimia 2, maana inaua fangasi na inawagusa pia hao bakteria. Paka kidogo mara 2 kwa siku, na pakifunga usiache, endelea kama siku 10 hivi. Mafuta ya mgando usiyatupe: dawa ikishanyonywa yapake juu yake, hasa wakati wa kulala, yazuie mate.

Angalizo: anayemeza warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda) asitumie mikonazoli bila kumuuliza daktari wake. Inaizidisha nguvu, mtu anaweza kuvuja damu.

Mpwa_wa_Pangani
Mimi nimeona asali na maji ya chumvi vinatosha. Dawa za dukani za nini?

Zamu_ya_Usiku
Ndugu yangu, chumvi kwenye mchaniko inachoma na kukausha. Asali nayo hapo mahali utailamba tu, na kulamba ndiko kunakoleta mate. Kwa huyu dada wa miezi 3 nisingeshauri.

Mjukuu_Tanga
Bibi yangu alimaliza tyubu mbili za klotrimazoli bila mafanikio. Kumbe tatizo ni meno ya bandia. Yalikuwa yamelika, taya linashuka, pembe za mdomo zinajikunja na mate yanashinda humo. Tena alikuwa analala nayo. Daktari wa meno akasema fangasi wanakaa kwenye lile bamba la plastiki, kwa hiyo unapaka nje huku ndani wanazaliana. Sasa anayavua usiku, anayasugua kwa mswaki na sabuni, anayaloweka. Tyubu ya tatu ndiyo ikamaliza kazi. Mwenye mzee nyumbani aangalie hapo kwanza.

Mbeya_Baridi
Hakikisheni pia si malengelenge ya virusi vya herpesi. Yangu yalianza kwa kuwasha upande mmoja, vikatoka vipele vya maji vimejikusanya. Krimu ya fangasi haikunisaidia chochote.

Mchicha_na_Dagaa
Mama Pacha, samahani kwa kuuliza: unachoka? Ulimi unauma au umekuwa laini kama umefutwa? Mimi krimu zote zilikuwa zinaniponya, mwezi ujao vinarudi. Nilipopimwa wingi wa damu (hemoglobini) ilikuwa 8.9, yaani pungufu. Nikameza vidonge vya madini ya chuma miezi 3, nikaacha kunywa chai pamoja na chakula kwa sababu inazuia madini hayo, maini mara moja kwa wiki. Havijarudi tena. Upungufu wa asidi ya foliki, vitamini B2 na B12 nao unaleta haya. Wanaomeza metformini, dawa ya kisukari, kwa miaka mingi B12 yao inaweza kushuka.

Zamu_ya_Usiku
Naunga mkono. Vikirudi rudi hivi, pima wingi wa damu, sukari na VVU. Kisukari na kinga iliyoshuka vinawapa fangasi nafasi.

Mama_Pacha
Nimerudi baada ya wiki 3. Mikonazoli ilinipa nafuu siku ya tano. Nikaenda kupima: sukari iko sawa, VVU sina, damu 9.4. Nanyonyesha watoto wawili wa miezi 7 na vidonge vya kliniki niliviacha nilipojifungua. Nimeanza tena, nameza na chungwa, chai nasubiri yapite masaa mawili.

Kushoto pamefunga kabisa. Kulia umebaki mstari mwembamba, bado napaka. Jana nimekula embe la pilipili bila machozi. Mchicha, dada yangu, asante kwa lile swali la kuchoka. Nilidhani ni pacha tu.