Draiva za sinthesaiza: mpaka lini tutaambiwa "weka ser=0"?

Wakuu, nimekasirika na sitapamba maneno.

Mimi sioni. Kompyuta naifuata kwa masikio, kwa sinthesaiza ya nje (kifaa kinachogeuza maandishi kuwa sauti) inayoendeshwa na Speakup, kisoma skrini kilichomo ndani ya keneli, yaani kiini cha mfumo wa Linux. Nimeng'ang'ania hapo kwa sababu kinaanza kusema mashine ikiwa bado inawaka, kabla programu za kawaida hazijaamka. Mfumo ukikwama, nasikia umekwamia wapi. Kwa hiyo asije mtu hapa kuniambia "tumia espeak", ile sinthesaiza ya programu.

Juzi nilibadilisha kompyuta. Hii mpya haina poti ya siriali, nikachomeka adapta ya USB na kufuata mwongozo: pakia moduli (kipande cha keneli chenye draiva ya sinthesaiza), weka ser=0, namba ya poti ya siriali. Kimya. Nikazima, nikawasha, nikarudia. Kimya. Usiku kucha nabonyeza kibodi isiyonijibu chochote. Asubuhi mdogo wangu akapita, akanisomea: ujumbe wa kosa ulikuwepo muda wote, umeandikwa kwenye skrini! Chombo cha kumsemea asiyeona kinaharibika, na taarifa inatolewa kwa maandishi.

Zamani draiva hizi zilikuwa zikiongea na UART, chipu inayoendesha poti ya siriali, moja kwa moja. Zinatupa herufi kwenye anwani kama 0x3f8, kisha zinangoja laini ya CTS, ishara ya sinthesaiza kwamba iko tayari kupokea, iruhusu nyingine. Poti ikiwa imeshashikwa na draiva ya kawaida ya siriali, Speakup inaipora, na msimbo wenyewe unaandika wazi kwamba unajaribu kuiba. Sinthesaiza ikichelewa kujibu mara 3, inakatwa. Adapta ya USB haina anwani ya namna hiyo, basi kwa njia ile ungekesha mwaka mzima.

Lakini hili lilishatatuliwa! Mwaka 2017 sinthesaiza za nje zilianza kuhamishiwa kwenye TTY, mfumo wa keneli wa kushughulikia poti za namna hii, keneli ikabeba yenyewe kazi ya siriali, na adapta ikawa inafikika kwa dev=ttyUSB0, yaani kwa kutaja jina la kifaa badala ya namba ya poti. Mwaka 2020, kwenye keneli 5.9, Speakup ikatolewa kabisa kwenye sehemu ya majaribio ya keneli. Waliofanya kazi hiyo nawashukuru kwa dhati. Wanaonichoma ni waandishi wa miongozo na washauri ambao hadi leo wanakariri ser=0, namba inayokupeleka ttyS0, poti ya siriali ya kwanza, na si kwingine. Kuna aliyenijibu nitafute kompyuta ya zamani yenye poti. Yaani mimi nirudi nyuma kwa sababu yeye hajasoma!

Na hata ukiijua dev=ttyUSB0, bado kuna mtego. Moduli ikipakiwa kabla keneli haijaitambua adapta, hakuna kifaa cha kufungua. Unarudi kwenye kimya kilekile, na ile faida ya kusikia mashine tangu mwanzo imepotea.

Wanaoandaa distro (matoleo ya Linux) wapange upakiaji usubiri adapta itokee. Na draiva ikishindwa kuipata sinthesaiza, ipige hata mlio mmoja kwenye spika ya ndani, nijue nimeachwa. Mlio tu!

Kama kuna mwenzangu aliyefanikiwa kuweka draiva ya adapta na ya Speakup ndani ya initramfs (mfumo mdogo wa mafaili ambao keneli huutumia mwanzo kabisa wa kuwaka) kwa mpangilio sahihi, aandike amri zake hapa chini, moja baada ya nyingine. Kwa maandishi, msiniwekee picha ya skrini.