Gari linazima likiwa kwenye mwendo, kampuni inasema "halina tatizo". Tupeane uzoefu

Wakuu, habari za jioni. Jumamosi nilikuwa natoka Iringa, nashuka mlima Kitonga, nyuma yangu lori la mzigo. Injini ikazima ghafla. Usukani ukawa mzito, breki ikawa ngumu kama nakanyaga tofali. Nilikanyaga kwa miguu yote miwili hadi likasimama pembeni. Mke wangu na watoto wawili walikuwamo ndani. Baada ya dakika kumi nikawasha, likawaka kama halijawahi kuumwa.

Hii ni mara ya nne. Gari nililinunua jipya kwa wakala, nimelirudisha kwao mara tatu. Wanachomeka mashine ya kupimia, haisomi kosa lolote. Kwanza wakasema mafuta machafu. Halafu wakasema uendeshaji wangu. Nikamwandikia mtengenezaji mwenyewe, nikajibiwa mistari miwili kwamba gari linafanya kazi inavyotakiwa.

Aliyepitia haya alifanyaje? Msiniambie niliuze. Nitamuuzia nani hatari hii?

Fundi umeme, Mwanza
Pole sana mkuu. Ukiliacha kwao usiku, wanalipima asubuhi likiwa baridi, na ugonjwa wenyewe unakuja likiwa moto. Kuzima likiwa moto na kuwaka likipoa, mimi naanza na sensa ya kranki, kile kifaa kinachosoma mzunguko wa injini. Ikipata joto inapoteza mawasiliano, kompyuta haijui injini inazunguka, inakata moto. Nyingine haziachi kosa kwenye kumbukumbu. Dai fundi wao apande na wewe, mashine ikiwa imechomekwa inarekodi, muende mwendo mrefu mchana wa jua.

Mama wa watatu, Mombasa
Ndugu yangu, yangu ilikuwa breki. Asubuhi moja pedali inazama hadi chini, kisha wiki mbili iko sawa. Waliniambia nimezoea gari langu la zamani. Nililia garini siku hiyo. Nikanunua daftari: tarehe, saa, kilomita, mwendo, mvua au jua, nani alikuwa abiria. Na kila nilipolipeleka sikuondoka bila karatasi yenye maelezo yangu na sahihi yao, hata kama wameandika "hakuna kasoro". Siku moja pale wanapongojea wateja nikamkuta mzee mwenye gari la aina ile ile, pedali ile ile. Tukatafutana, tukafika sita, tukaandika barua moja. Masta silinda, ile pampu inayosukuma mafuta ya breki, ilibadilishwa bila malipo. Peke yangu nilihangaika miezi minane, sita tulijibiwa ndani ya wiki mbili.

Mchangiaji, Arusha
Someni kisa cha General Motors, kampuni ya magari ya Marekani. Swichi ya kuwashia ilikuwa legevu. Mtu akiwa na funguo nyingi zinaning'inia, au gari likidunda shimoni, swichi inarudi nyuma, injini inazima na eabegi, ile mifuko ya hewa ya kukinga abiria ajalini, hazifunguki. Ndani ya kampuni walijua kwa miaka kuna shida. Wakaja kubadilisha kifaa kimyakimya, lakini namba ya kifaa wakaiacha ile ile, hivyo kwenye makaratasi huoni tofauti. Iligundulika kwa sababu familia moja ya Georgia, Marekani, iliyofiwa na binti yao, haikukubali majibu. Mtaalamu wa wakili wao alinunua swichi mpya akailinganisha na iliyotoka kwenye gari la marehemu. Mwaka 2014 magari milioni 2.6 yakaitwa yarudishwe kurekebishwa, na mfuko wa fidia ukakubali madai ya vifo 124.

Kwa hiyo mkuu, wakikubadilishia chochote, dai kile cha zamani. Usiwaachie. Na kwa hapa Tanzania, Sheria ya Ushindani ya 2003 inamlinda mlaji, FCC (Tume ya Ushindani) wanapokea malalamiko.

Mwanzisha mada: mrejesho
Nimerudi wakuu. Nilimpata fundi wao kijana, akakubali kupanda. Tulitoka Dar saa saba mchana kwenda Chalinze. Tulipopita Mlandizi likazima, yeye akiwa kiti cha mbele. Aligeuka akaniangalia, hakusema kitu. Mashine ilikuwa imerekodi: mawimbi ya sensa ya kranki yalikatika sekunde ile ile.

Wamebadilisha. Ya zamani ninayo kwenye mfuko wa nailoni, na karatasi imeandikwa "sensa mbovu". Nilipowauliza kama watawaambia wenye magari mengine ya aina hii, meneja alisema hilo ni tukio moja tu.

Aliyezimikiwa na gari likiwa limepata joto, kisha likawaka baada ya kupoa, anitumie faragha aina, mwaka, tarehe na kilomita. Barua naianza leo usiku, kwa kampuni na nakala FCC.