Mnaouza michanganuo ya kuanzisha kampuni ya ujenzi, hela ya kusubiria malipo mmeiweka wapi??

Wadau, leo nina hasira na sifichi. Kuna hawa wanaojiita washauri wa biashara, unawalipa wakuandalie bajeti ya kuanzisha kampuni ya ukandarasi yenye leseni, wanakurudishia ekseli ina rangi rangi: kusajili kampuni, ada ya leseni, fanicha, laptopu, pikapu, mikseri ya zege, nembo. Jumla kuu, imeisha hiyo. Mdogo wangu kaniletea ya kwake niikague, mstari wa chini kabisa umeandikwa "Mengineyo 5%", na humo humo kwenye mengineyo eti ndo zinakaa bima, dhamana na mishahara ya kipindi chote ambacho kazi haijapatikana. Mengineyo!!

Ada ya leseni yenyewe sio tatizo, kinachouma ni masharti yake. Sehemu nyingi hupewi leseni bila kuonyesha mtaalamu mwenye sifa, mhandisi au fundi sanifu kutegemea daraja unaloomba. Huyo mtu anataka mshahara tangu jina lake linaingia kwenye fomu, hangoji mpate tenda. Kwenye hiyo ekseli ameanza kulipwa mwezi wa nne, sijui nani kawaambia atakaa bure.

Haya twende kwenye dhamana. Kuomba tenda tu mara nyingi unadaiwa dhamana ya zabuni, yaani karatasi ya kuhakikisha hutajitoa. Ukishinda inakuja ya utendaji, ya kuhakikisha utaifanya kazi kama mlivyokubaliana, kawaida ni kama 10% ya mkataba, na ukisaini ule mkataba wa ujenzi wa FIDIC (shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri) wa 1999, kile kitabu chekundu, una siku 28 tangu upokee barua ya kukubaliwa uwe umeshaipeleka. Sasa benki gani itaipa kampuni changa hiyo karatasi kwa sura tu? Watataka ufungie pesa taslimu au uweke hati ya nyumba, na kamisheni juu. Hela unayo ila huigusi.

Halafu malipo yenyewe, hapa ndo nachoka kabisa. Umeingia saiti, umechimba msingi, mwisho wa mwezi unapeleka madai, kwa mkataba huohuo mhandisi msimamizi wa mradi ana siku 28 za kutoa cheti cha malipo na mwenye mradi ana siku 56 za kukulipa tangu mhandisi apokee madai yako, jumlisha na mwezi ulioufanyia kazi hapo ni karibu miezi mitatu, na vibarua wanataka chao kila wiki, yaani wiki kama 12 unalipa kutoka mfukoni, na wa nondo na saruji hakukopeshi maana hakujui. Na hapo hakuna aliyekuchelewesha hata siku moja!

Cheti kikitoka nacho hakiji kizima. Wanakata reteshoni, yaani hela wanayoizuia kwanza, iwe 5% au 10%, nusu unaiona ukikabidhi kazi, nusu nyingine mpaka kipindi cha kurekebisha kasoro kiishe, mara nyingi mwaka mzima. Kwahiyo kama faida uliyopigia hesabu ni 10% na reteshoni ni 10%, faida yako yote iko kwa mwenye mradi na wewe unaendesha kampuni bila hata mia ya kwako. Najua kuna watakaosema si kuna malipo ya awali, ndio yapo, pale mkataba unapoyaruhusu, ila nayo yanadai dhamana yake na yanarudishwa kwa kukatwa kwenye vyeti vinavyofuata.

Na hiyo mikseri mpya ni ya nini jamani? Kama daraja lako linakubali vifaa vya kukodi, kodi, hiyo hela ikalipe vibarua.

Sasa nyie washauri mliomo humu, wekeni hapa mchanganuo wenu mmoja tu unaoonyesha hela inayoingia na kutoka wiki kwa wiki mpaka cheti cha kwanza kilipwe. Na wewe uliyeuziwa wa "Mengineyo", usitaje jina la mtu, tuambie tu waliandika asilimia ngapi.