Mrejesho: Rekodi za DNS za mashine pepe zilizofutwa

Wakuu, niliuliza jinsi ya kuifanya VMware Aria Automation (programu ya kuunda na kusimamia mashine pepe, yaani kompyuta za kiprogramu, kiotomatiki) ifute rekodi za DNS (mfumo unaounganisha majina ya mashine na anwani zake za IP) mashine pepe inapoondolewa, kwa sababu majina ya zamani yalikuwa yakibaki na kugongana na mapya. Ushauri wa kuunganisha mtiririko wa kazi wa Orchestrator (zana yake ya kuendesha kazi kiotomatiki) na tukio linalotangazwa kabla ya mashine kuondolewa umefanikiwa kabisa: mtiririko hupokea jina la mashine, hutafuta anwani yake ya IP, kisha hufuta rekodi ya A (kutoka jina kwenda IP) na ya PTR (kutoka IP kwenda jina). Zingatieni kwamba jina huja ndani ya orodha hata mashine ikiwa moja, hivyo chukueni kipengele cha kwanza. Muhimu zaidi, washeni uzuiaji (blocking) kwa tukio hilo, ili uondoaji usubiri mtiririko umalize. Nawashukuru sana.