Mjadala: Takwimu za sensa ya 2012 zifutwe au ziachwe?

Mleta mada: Wakuu, makala nyingi za kata za Tanzania katika Wikipedia ya Kiswahili bado ni mbegu: jina la kata, wilaya, idadi ya wakazi, basi. Idadi yenyewe ni ya 2012, kwingine hata ya 2002, na kiungo cha chanzo ukikibonyeza ukurasa haupo. Matokeo ya 2022 yalishatoka: tulikuwa 44,928,923, sasa 61,741,120. Napendekeza boti (programu inayohariri makala yenyewe) ifute namba za zamani pamoja na viungo vilivyokufa, iweke mpya. Mwanafunzi anayenakili haangalii mwaka.

Mchangiaji 1: Naunga mkono. Heri pasiwe na namba kuliko namba isiyo na chanzo kinachofunguka.

Mchangiaji 2: Napinga. Chukueni Mkoa wa Mbeya: 2012 ulihesabiwa watu 2,707,410, 2022 watu 2,343,754. Boti ikibadili namba tu, msomaji atajiuliza ni tauni gani ilipita Mbeya. Kumbe mwaka 2016 Mkoa wa Songwe ulimegwa humo, nao 2022 ukahesabiwa peke yake watu 1,344,687. Jumlisheni, mtaona watu waliongezeka kwa karibu milioni moja. Na huo ni mkoa, habari zake kila mtu anazo. Kata nazo hugawanywa, na kata mama mara nyingi hubaki na jina lilelile. Boti itajuaje?

Halafu kiungo kikifa, chanzo hakijafa. Ripoti ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu ina jina, mwaka na kurasa. Tovuti ikipangwa upya anuani hubadilika, lakini nakala mara nyingi utaikuta Internet Archive, maktaba ya mtandaoni inayohifadhi kurasa za zamani. Ongeza kiungo cha nakala, kile cha awali kiache palepale. Ukifuta tanbihi, atakayekuja kuhakiki ataanzia wapi?

Mleta mada: Ya Songwe nimeyakubali, ndugu. Ila nani atayafanya kwa mkono? Tunaohariri humu kila siku tunahesabika.

Mchangiaji 3: Huku Kenya tuna kisa kigumu zaidi. Mandera 2009: watu 1,025,756. Mwaka 2019: 867,457. Hapo hakuna kaunti iliyomegwa. Matokeo ya 2009 ya wilaya kadhaa za kaskazini yalitiliwa shaka na serikali yenyewe, waziri akatangaza kuyafuta, mambo yakaishia mahakamani. Ukifuta namba ya 2009 umefuta na ule ugomvi, ambao ndio habari yenyewe.

Mchangiaji 4: Na Kongo je? Sensa ya mwisho ni ya 1984. Goma, Bukavu, zote tunaandika makadirio. Aliyekadiria na mwaka wake vitajwe, basi.

Mchangiaji 2: Basi boti iongeze, isifute. Wikidata, hazina ya data inayotumiwa na Wikipedia za lugha zote, inapokea namba nyingi za mahali pamoja, kila moja na tarehe na chanzo chake. Kigezo, yaani kile kisanduku cha takwimu ndani ya makala, kivute kutoka huko.

Mchangiaji 1: Hapo sikubali. Mabadiliko ya Wikidata siyaoni kwenye maangalizi yangu (orodha ya kurasa ninazofuatilia) nisipoyawasha mwenyewe, na wengi hawajui hata kama yanawashwa. Mhuni akichezea namba kule, kosa linaingia kwenye makala zetu kimyakimya. Namba ikae ndani ya makala.

Mleta mada: Sawa, boti isubiri. Naanza na kata za Songwe kwa mkono. Mwenyeji wa Momba au Ileje ajitokeze anisaidie mipaka.