Safari ya gari milimani na mvua hizi za machipuko, niende?

Wakuu, nataka kupita milima yenye misitu na maziwa kwa gari, ni majira ya machipuko na mvua haikati, hivi nitaona kitu kweli au ukungu tu?

Jibu: Nenda mkuu! Theluji ya juu inayeyuka, maporomoko yanajaa maji balaa, na msitu ukilowa kijani kinakolea. Maziwa yapitie asubuhi upepo haujaanza, maji yametulia, milima yote unaiona humo.

Jibu: Ila tairi vipara usithubutu. Kwenye mteremko weka gia ndogo, ukikanyaga breki muda wote zinachemka zinagoma, na kwenye ukungu usiwashe ful, mwanga unakurudia machoni.

Jibu: Ulizia kwanza barabara za juu, nyingine huwa bado zimefungwa na theluji.