Walimu, tupeane uzoefu: darasa lilipokupandisha hasira, ulifanya nini kabla ya kufungua kinywa?

Mwalimu Kengele:
Habari za kazi, ndugu zangu. Nimeamua kuandika baada ya kuwasikiliza wenzangu wawili ofisini. Mmoja alikuwa analalamika kwamba mwanafunzi mmoja wa Kidato cha Kwanza ni jeuri, kwa kuwa aliulizwa kwa Kiingereza sababu ya kuchelewa akanyamaza, akaulizwa tena kwa sauti ya juu zaidi, akazidi kunyamaza. Mwenzake akamwuliza jambo moja tu: "Kwa Kiswahili ulimwuliza?" Hakukuwa na jibu. Sisi tuliofundisha shule za kata tunafahamu kwamba mtoto yule amesoma miaka saba kwa Kiswahili, Kiingereza kikiwa somo moja tu kwenye ratiba, halafu mwezi wa kwanza anatakiwa ajitetee kwa lugha hiyo hiyo mbele ya mtu aliyekwisha kukunja uso.

Vyuoni tulisoma saikolojia ya elimu na tukaifanyia mtihani. Tuliandika maandalio ya somo yenye hatua zote, na wakati wa mazoezi ya kufundisha mkufunzi alikaa nyuma akitazama tunavyopanga ubao. Namna ya kukaa na hasira yako mwenyewe mbele ya watoto wanaobanana watano kwenye dawati la watatu haikuwamo katika muhtasari wowote niliokabidhiwa. Naomba kila mwenye alilolifanya, au aliloliona kwa mwingine, alilete hapa.

Mstaafu wa Chaki:
Umenikumbusha suala la macho. Watoto wengi nyumbani wamefundishwa kwamba mkubwa akisema, mdogo hutazama chini. Anapofika shuleni mwalimu humwambia, "Niangalie ninapozungumza na wewe!" Akiinua uso, mwalimu yule yule husema, "Sasa unanikodolea macho mimi?" Nimelishuhudia hilo katika shule zote nilizopangiwa, kutoka Ruvuma hadi Mara, na sijawahi kumwona mtoto aliyefaulu mtihani huo.

Mama Vitenge:
Shikamoo, Mstaafu. Nimecheka peke yangu kwenye daladala.

Mwalimu wa Kisiwani:
Nilianzia kazi katika shule ya msingi kwenye kisiwa kimoja cha Ukerewe. Darasa la Sita lilikuwa na wavulana waliolala fofofo tangu kipindi cha kwanza. Mwalimu niliyempokea alikuwa ameniachia ushauri kwamba wale ni wavivu wa kuzaliwa na dawa yao ni kuwasimamisha ukutani. Niliwasimamisha kama nilivyoelekezwa, nao wakalala wakiwa wamesimama, jambo ambalo sikujua kama binadamu analiweza.

Nilianza kuandika pembeni mwa buku la mahudhurio alama ndogo kwa kila aliyesinzia. Mwezi ulipotimia nikaona kwamba alama zilijaa mfululizo, kisha zikatoweka kabisa kwa siku kadhaa, kisha zikarudi. Niliupeleka ukurasa ule kwa mpishi wetu wa uji, mama wa pale pale, naye hakuhitaji hata kuusoma hadi mwisho. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Mbalamwezi inapong'aa taa hazivuti samaki, mitumbwi hupumzika ufukweni, na wavulana wangu hulala nyumbani. Wale hawakuwa wavivu; walikuwa wametoka kazini.

Sikuwa na uwezo wa kuizuia njaa ya kaya nzima, ingawa suala la watoto kuvua usiku tulilipeleka kwa kamati ya shule na baadhi ya wazazi walielewa. Nilichoweza mimi ni kuzihamishia hesabu ngumu baada ya mapumziko, na asubuhi za siku za giza nikawafundisha mambo ya kushika kwa mikono. Hasira yangu iliisha yenyewe nilipojua sababu, na tangu hapo huitafuta sababu kabla ya kuitafuta adhabu.

Ajira Mpya:
Hili la mwezi halimo kwenye mwongozo wowote wa mwalimu niliowahi kuushika.

Mama Vitenge:
Nami nina langu, ingawa ni dogo. Katika darasa langu jina la mwanafunzi mmoja lilikuwa linatokea kila siku kwenye orodha ya wapiga kelele iliyoandikwa na kiranja. Kabla ya kumwita niliamua kusimama nje ya dirisha wakati wa kipindi kisicho na mwalimu, nikasikia kelele za kila mtu isipokuwa yeye. Uchunguzi ukaonesha kwamba kiranja alikuwa anafuta majina kwa malipo ya kitumbua, na yule mtoto hakuwa na fedha ya kitumbua. Walimu, msikabidhi hasira zenu kwa kiranja.

Mkazi wa Usambara:
Naomba niandike kwa urefu, kwa sababu kisa hiki nimekibeba tangu nikiwa mwanafunzi na sijawahi kukiandika popote.

Tulikuwa shule ya bweni milimani, miaka ya mwisho ya tisini. Mwalimu wetu wa Hisabati alikuwa mtu mfupi, mkimya, mwenye fimbo ya mpera aliyoitunza kwenye mlango wa kabati. Siku hiyo alikuwa anakagua kazi ya logi tuliyopewa jioni iliyotangulia. Vile vijitabu vya majedwali vilikuwa wazi juu ya madawati. Asiye na kazi alinyoosha mkono, akapata chake, akaketi. Alifika safu ya nyuma kwa kaka mmoja aliyetuzidi wote umri na urefu. Kaka yule hakuwa hata na daftari. Mkono aliunyoosha kama wengine, fimbo ikashuka, naye akaidaka hewani.

Aliyewahi kusoma bweni anajua uzito wa kitendo hicho. Hakuna aliyeguna. Fimbo ilikuwa kati yao, kila mmoja ameshika upande wake, na mshipa wa shingo ya mwalimu tuliuona kutoka safu ya mbele. Sote tulijua yanayofuata: walimu wengine wataitwa, kengele ya dharura itagongwa, kijana atarudishwa nyumbani kabla ya chakula cha mchana.

Mwalimu aliiachia. Alifungua kidole kimoja baada ya kingine, fimbo ikabaki mkononi mwa kijana, naye akageuka akatembea mwendo ule ule wa siku zote hadi ubaoni, akaokota chaki, akasema, "Tunaendelea na swali la tatu."

Yule kaka alibaki amesimama na fimbo asijue aipeleke wapi. Aliilaza juu ya dawati, ikabingirika ikaanguka chini kwa kishindo, akainama kuiokota. Mtu mmoja mbele akacheka. Mwalimu, bila kugeuka, alisema, "Aliyecheka aje atumalizie." Aliyecheka akaenda, akashindwa, akarudi kimya. Tulisoma logi hadi kengele ilipolia, na nadhani hakuna kipindi nilichokielewa vizuri kuliko kile, kwa sababu kila mtu aliogopa hata kupepesa macho. Mwishoni mwalimu alifuta ubao mwenyewe, kazi ambayo kwa kawaida ilikuwa ya kiranja, akasema, "Hiyo fimbo niletee ofisini baada ya kipindi cha mwisho."

Ajira Mpya:
Ikawaje ofisini? Usituache hapo.

Sheria Kwanza:
Kabla hamjamvika mwalimu huyo taji, naomba tuulize swali lililosahauliwa. Nani alimpa ruhusa ya kupita safu kwa safu akigawa viboko kwa kazi ambayo haikufanyika? Hapa Tanzania kanuni za adhabu ya viboko zilikuwapo tangu 1979, na zile za 2002 zilipunguza idadi kutoka sita hadi vinne, zikaiweka mamlaka kwa mkuu wa shule au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, zikataka kila adhabu iandikwe katika kitabu. Mwanafunzi wa kike achapwe na mwalimu wa kike, isipokuwa pale ambapo hayupo. Mtu anasifiwa kwa kuzima moto alioukoka mwenyewe.

Mstaafu wa Chaki:
Mwanangu, kanuni hizo ninazijua, na kitabu hicho cha adhabu nimekiona katika shule nyingi kikiwa cheupe kuanzia jalada hadi jalada ilhali fimbo zimechakaa. Hata hivyo mada hapa ni hasira. Kuiachia fimbo mbele ya darasa zima kunahitaji mwanamume aliyekamilika. Ukicheka na nyani utavuna mabua, lakini hakucheka naye, alimnyima ugomvi.

Sheria Kwanza:
Mwanamume aliyekamilika asingeingia na fimbo darasani. Na kwa nini mwanamume? Walimu wa kike hawana hasira za kuzuia?

Mama Vitenge:
Tunazo, tena za akiba.

Jirani wa Taveta:
Naandika kutoka upande wa pili wa mpaka. Kenya viboko vilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikakataza mateso ya mwili na ya akili pia. Fimbo ilipungua, ulimi ukabaki. Mimi nilisomeshwa na mwalimu ambaye hakuwahi kunigusa hata kwa ukucha, ila alikuwa akirudisha karatasi za mtihani kwa kufuata alama, kutoka wa kwanza hadi wa mwisho, akitaja jina na kutoa maelezo mafupi kwa kila mmoja. Tulioketi nyuma tulikuwa tunahesabu karatasi zilizobaki mkononi mwake. Mwenzangu mmoja alikuwa akiomba ruhusa ya kwenda msalani kila siku ya matokeo, na mwalimu akalifanya hilo nalo kuwa mzaha. Nilipoanza kufundisha, niliamua kwamba karatasi za mtihani zirudishwe zikiwa zimekunjwa, alama ikiwa ndani, na sijabadilisha utaratibu huo.

Ajira Mpya:
Ofisini ikawaje?

Mhadhiri Mdogo:
Naomba kuongeza nadharia kidogo. Mnachozungumza huitwa akili ya hisia, na kiliingizwa katika saikolojia na Peter Salovey na John Mayer kwa makala yao ya mwaka 1990, wakikieleza kama uwezo wa kuzitambua hisia zako na za wengine na kuzitumia katika kufikiri na kutenda. Kwa hiyo kuna kutambua na kuna kutenda. Mwalimu wa kisiwani alianza kwa kutambua, yule wa fimbo alianza kwa kutenda.

Mama Vitenge:
Asante, Mhadhiri. Bibi yangu hakupata makala hayo, lakini alijua kwamba mtoto asiyekula uji ana jambo.

Fundi Nyaya:
Ninyi mnafundisha watoto. Mimi ni mwalimu wa umeme wa majumbani katika chuo cha ufundi, na baadhi ya wanafunzi wangu ni mafundi wa mtaani waliokuja kurasimisha ujuzi wao. Mmoja ana mvi kunizidi. Siku ya kwanza ya vitendo, nikiwa naeleza waya wa ardhi, alisema kwa sauti, "Mwalimu, huku mtaani hatuhangaiki na hiyo, na taa zinawaka." Darasa likamshangilia. Ningeweza kumtajia kanuni hadi akome. Badala yake nilimkabidhi bisibisi na koleo, nikamwambia, "Kaka, tufungie soketi unavyofunga mtaani, sisi tutazame."

Alifunga vizuri na kwa haraka kuliko mimi, na nikalisema hilo mbele ya wote. Kisha nikamwomba atuoneshe umeme utapita wapi ikiwa jiko la umeme la bati litapata hitilafu na mama ameligusa akiwa pekupeku kwenye sakafu iliyolowa. Alitazama soketi yake kwa muda, akaifungua, akaomba waya wa kijani na njano. Tangu siku hiyo ndiye msaidizi wangu, na wenzake wanapobisha yeye huwajibu kabla yangu. Mtu mzima ukimshinda mbele za watu umempoteza.

Mstaafu wa Chaki:
Hili nakubaliana nalo neno kwa neno.

Mkazi wa Usambara:
Samahani kwa kuchelewa, nilikuwa na kipindi. Yaliyotokea ofisini yule kaka alitusimulia mwenyewe bwenini usiku ule. Alikuwa amerudishwa nyumbani kwa ajili ya ada, akarudi kwa miguu, akafika getini alfajiri, na mwalimu wa zamu akamchapa kwa kuchelewa kabla hajaeleza chochote. Ndiyo maana hakuwa na kazi wala daftari. Ofisini mwalimu wa Hisabati alipokea fimbo, akairudisha kabatini, akamwuliza, "Leo umepigwa na nani mwingine?" Alipojibiwa, alimpa daftari jipya na kumwambia kwamba kazi ya logi bado anaidai. Pia alimwambia akirudia kudaka fimbo ya mtu atampeleka kwa mkuu wa shule. Fimbo kwetu iliendelea, Sheria Kwanza, sitaki kukudanganya, ila tangu siku hiyo aliuliza kwanza.

Sheria Kwanza:
Nashukuru kwa ukweli. Msimamo wangu haujabadilika.

Ajira Mpya:
Nimepangiwa Kidato cha Pili chenye mikondo miwili, na kipindi changu ni cha mwisho kabla ya chai ya saa nne. Wenzangu ofisini wameniambia nisitabasamu hadi mwezi wa tatu. Mnaniambiaje?

Mstaafu wa Chaki:
Usitabasamu.

Mama Vitenge:
Tabasamu, na ujifunze majina yao wiki ya kwanza. Mtoto akiitwa kwa jina lake hupunguza nusu ya vurugu.

Mwalimu wa Kisiwani:
Kunywa uji nyumbani kabla hujatoka. Kabla ya chai, walimu na wanafunzi wote wana njaa, na wewe ndiye unayelipwa mshahara.

Fundi Nyaya:
Ongea na mwalimu wa taaluma akubadilishie kipindi.